Nilivyohariri Njia ya Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

"Mtoto asiye na beji ni chupa ya dawa isiyo na lebo: huwezi kujua ndani mna nini." Ndivyo alivyosema Mfamasia leo jioni, mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa skauti wadogo, mbele ya ukumbi mzima, mkono wake begani kwa mwanawe. Shati la mwana limejaa beji hadi karibu na kwapa.

Upuuzi mtupu! Lebo hubandikwa na muuzaji, na mtoto hauzwi. Tena nimewahi kunywa dawa yenye lebo nzuri kabisa ambayo ndani yake mlikuwa na maji, sukari na matumaini. Niliinunua kwake.

Nilisimama nikayasema hayo yote. Nikaongeza mfano wa majeshi ya kale, ambako medali zilizidi kadiri ushindi ulivyopungua. Nilipomaliza, mzazi mmoja alikohoa. Dada Filimbi, kiongozi wa watoto, alinishukuru kwa mchango wangu, kisha akauliza kama kuna mwenye swali kuhusu viatu vya kambini.

Njiani kurudi binti yangu aliongea mwanzo mwisho. Ana miaka minane. Tunamwita Chiriku kwa sababu akianza, hata redio inaona haya. Alinieleza ngazi zao upya, kana kwamba mimi ndiye sikwenda shule. Mtoto huanza akiwa Mbegu. Akiijua ahadi ya skauti na kufunga skafu mwenyewe, anakuwa Chipukizi. Chipukizi hukusanya beji: mafundo, usafi, bustani, huduma ya kwanza, na ya mwisho, ile ngumu, beji ya njia. Akiipata hiyo anavuka ubao na kuwa Mti. Miti ndio wanaokwenda kambini. Marafiki zake wote sasa ni Miti. Yeye amebakiza njia tu, na ubao unawekwa Jumamosi ya wiki ijayo. Asipovuka, atabaki na wadogo mwaka mzima.

Halafu akaniomba jambo moja. Nisisimame tena mikutanoni.

Nimekubali. Najuta kidogo kuhusu ule mfano wa majeshi. Ulistahili hadhira bora.

Jumanne, 4 Machi

Nilipita duka la dawa kununua dawa ya kikohozi. Kosa! Mfamasia aliniuliza kwa upole binti anaendeleaje. Nikasema anajiandaa kwa beji ya njia. Akasema wa kwake aliipata mara ya kwanza tu, ila watoto wengine huhitaji muda, na hakuna ubaya wowote, mzee mwenzangu.

Hakuna ubaya! Nilitoka bila chenji.

Nimetafakari ofisini siku nzima, huku nikikata miswada ya watu. Mimi ni mhariri katika nyumba ya uchapishaji; watu huleta kurasa nyingi, mimi huzirudisha chache. Nimefikia hitimisho lifuatalo. Sijawahi kupinga beji. Ninapinga beji kuvaliwa na wasiostahili. Kwa hiyo wajibu wangu, kama adui wa beji, ni kuhakikisha binti yangu anaipata, ili thamani yake ipande. Hoja haina ufa. Nimeipima pande zote.

Jioni nilimwambia Chiriku anionyeshe kazi yenyewe. Si ya kubahatisha. Mtoto anaweka njia peke yake, katika mitaa ya nyuma ya ukumbi isiyopitwa na magari. Anatumia chaki, kokoto na vijiti. Mshale maana yake pita huku. Msalaba maana yake usipite huku. Duara lenye nukta katikati maana yake nimefika, nimekwenda nyumbani. Halafu anakwenda kusubiri mwisho wa njia. Kikundi cha Mbegu kinatoka ukumbini na kufuata alama bila kusaidiwa na mtu. Hata Dada Filimbi haijui njia. Yeye huja nyuma yao, mdomo kaufunga. Mbegu wakifika kwa mwenye njia, beji imepatikana. Wasipofika, haijapatikana.

Yaani hapewi beji kwa kujua alama. Anapewa kwa kuwa wadogo wake wamefika. Nilikiri moyoni kwamba huo ni utaratibu wenye akili. Sikumwambia mtu.

Alinichorea njia yake. Kutoka ukumbini, mbele ya kinyozi, kuzunguka karakana ya seremala, barabara ndefu ya nyuma, hadi tangi la maji. Nikamwambia ina maneno mengi. Kuna kichochoro kando ya karakana kinachoelekea huko moja kwa moja, kwa nini azunguke? Akasema ana sababu zake. Nikamwambia mwandishi mwenye sababu zake ndiye anayenipa kazi nyingi kuliko wote.

Mama Chiriku alikuwa akipasi skafu. Akasema, bila kuinua macho, kwamba mtoto hajaniletea mswada.

Alhamisi, 6 Machi

Chiriku ataweka njia yake keshokutwa, na amenitaka niahidi sitakuwepo Jumamosi hiyo. Alisema hivyo mezani, mbele ya mama yake, akiwa ameinua vidole vitatu kama skauti. Nikainua vyangu. Nimeahidi kutokuwepo Mbegu watakapopita.

Nimeufikiria mpangilio wa maneno ya ahadi hiyo. Hakuna aliyetaja kabla hawajapita.

Nina sababu nzito. Duka la Mfamasia liko mtaa wa pili kutoka kwenye njia. Mtu mwenye mwana mwenye beji zote ana faida gani mwana wa mwingine akipata? Historia imejaa watu waliofuta alama za wenzao. Nimesoma juu yao. Ni lazima awepo mlinzi.

Nimeweka kipande cha chaki mfukoni. Cha kujihami tu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekaa chumbani na mlango nimeufunga. Nitaandika kama ilivyotokea.

Asubuhi nilikwenda kwa kinyozi. Nilikaa kwenye kiti cha dirishani, kitambaa shingoni, gazeti usoni. Kinyozi aliniuliza anikate vipi. Nikamwambia akate polepole.

Akapita. Chiriku, skafu shingoni, mfuko wa kokoto kiunoni, akiongea peke yake. Aliinama, akachora mshale, akaurudia kwa vidole, akarudi nyuma kuutazama kwa kimo cha Mbegu. Alipiga magoti ili aone wanavyoona wao. Halafu akaendelea. Nilijisikia vizuri sana. Hapo ndipo nilipaswa kubaki kwenye kiti.

Alipotokomea nilitoka, nusu ya kichwa imenyolewa. Nikaanza kukagua. Mshale wa kwanza, safi. Wa pili, hafifu, nikaukoleza. Wa tatu, kokoto moja imesogea, nikairudisha. Hadi hapo nilikuwa mlinzi. Naapa.

Kisha nikafika karakana ya seremala. Mbele ya kichochoro, msalaba mkubwa: usipite huku. Mshale wake ukielekeza barabara ile ndefu, ya kuzunguka. Nilisimama pale. Kichochoro kilikuwa kimetulia, kina kivuli, kimenyooka. Kule mbali, juu ya mapaa, nililiona tangi lenyewe. Mkono wangu ukafanya unachofanya kila siku ofisini. Niliufuta msalaba kwa kiatu. Nikaugeuza mshale. Nikauweka msalaba kwenye barabara ndefu. Nikatazama kazi yangu na kuona aya imekaa sawa.

Nilirudi kwa kinyozi kumalizia nusu ya pili.

Ndani ya kichochoro, nyuma ya rundo la mbao, seremala anafuga bata bukini. Wana vifaranga msimu huu. Chiriku anajua kwa sababu hupita pale kila siku akitoka shule, na kwa sababu mdogo kuliko wote katika Mbegu alishawahi kufukuzwa nao akakataa kwenda shule. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake. Sikuiuliza.

Nilisikia mayowe nikiwa na sabuni shingoni. Kinyozi alisema lazima kuna mtu kaenda kwa bata wa seremala, na mtu huyo hana akili.

Mbegu walitawanyika. Baadhi walirudi nyuma kwa Dada Filimbi, wengine walitokea upande wa pili, ambako hapakuwa na alama hata moja, kwa sababu mhariri alikata aya lakini hakuandika nyingine. Hao walitangatanga hadi dukani kwa Mfamasia. Alifunga duka. Alimbeba yule mdogo, aliyepoteza kiatu kimoja, akawapeleka wote ukumbini.

Mimi, bila kuyahusisha mayowe na mshale wangu, nilikuwa nimemwacha kinyozi hajamaliza, nikaenda tangi la maji kwa njia nyingine, kushuhudia ushindi kutoka mbali.

Chiriku alikuwa ameketi kando ya duara lake. Duara zuri, la kokoto nyeupe, nukta katikati. Alikuwa amejifuta vumbi magotini ili akutwe nadhifu. Alinyoosha shingo kila aliposikia hatua. Kila hatua ilikuwa ya mtu mwingine. Nikaona akianza kupanga kokoto upya, zilizokwisha kupangwa.

Sikuweza kuendelea kujificha. Nikajitokeza.

Hakuniuliza kwa nini nimevunja ahadi. Alinitazama tu, kutoka juu hadi chini, akaishia kwenye vidole vyangu.

"Baba," alisema, "mikono yako ina chaki."

Kabla sijajibu, Mfamasia akaja akihema, akifuata alama zilizobaki kwenye barabara ndefu. Alikuja kumwambia Chiriku kwamba Mbegu wote wako salama ukumbini, na kwamba mdogo wao anaulizia kiatu chake. Kisha akaniona mimi. Akaiona mikono yangu. Akanisalimia. Akamshika Chiriku mkono, wakaondoka pamoja.

Hakusema lolote juu ya chaki. Hilo ndilo siwezi kumsamehe.

Jumapili, 9 Machi

Nyumba imenyamaza. Chiriku hajasema neno tangu jana, isipokuwa ndiyo, hapana na asante. Redio inaongea peke yake, na hakuna anayeishinda.

Mama Chiriku alinisimulia yaliyotokea ukumbini. Dada Filimbi alimwita Chiriku pembeni, akamuuliza ilikuwaje alama ikawapeleka watoto kwa bata. Chiriku akasema, "Sijui."

Mtoto huyu hajawahi kusema sijui maishani mwake. Hata asipojua husema. Na skauti hasemi uongo. Ndiyo ahadi yao ya kwanza, aliijifunza akiwa Mbegu, akaniimbia wiki nzima hadi nikatamani kuhama. Ameivunja kwa ajili yangu.

Beji hakupata. Bila beji hakuna ubao.

Mama Chiriku hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba mzigo huu ni wangu na niutue mwenyewe, na kwamba upande mmoja wa nywele zangu ni mfupi kuliko mwingine.

Najuta. Naandika neno hilo bila nyongeza yoyote, ingawa nina nyongeza kadhaa juu ya watu wanaofuga bata bila kibao cha tahadhari.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeanza kuandika ungamo langu kwa Dada Filimbi. Kurasa za mwanzo zinaeleza historia ya uhariri. Zinazofuata zinahusu wajibu wa seremala kwa jirani zake. Kisha nafasi ya kichochoro katika mpango wa mji. Nimegusia Mfamasia, kwa haki kabisa.

Mama Chiriku alisoma akauliza kosa liko wapi. Nikamwambia liko mwishoni, linahitaji maandalizi. Akanikumbusha mimi ndiye mtu anayelipwa kukata.

Jumatano, 12 Machi

Dada Filimbi siku za kazi yuko ofisi ya maji, dirisha la malalamiko. Nilipanga foleni na kurasa zangu. Mama mmoja mbele yangu alilalamikia bomba lililopasuka tangu mwezi uliopita, naye Dada Filimbi alimsikiliza kama vile bomba ni la kwake.

Zamu yangu ikafika. Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye mpango wa mji, aliniuliza jambo lenyewe liko kwenye ukurasa upi. Nikasema wa mwisho. Akaniomba nisome huo, maana watu nyuma yangu hawana maji.

Nikausoma. Ulikuwa na sentensi fupi: mimi ndiye niliyegeuza mshale. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi bila zile nyingine.

Akasema alijua. Mshale ule ulikuwa mrefu na wa mkono mzito, mkono wa mtu mzima aliyezoea kufuta kazi za watu. Alikuwa anasubiri mmoja wetu aseme.

"Chiriku alikuja jana na mama yake," alisema. "Aliniambia alidanganya, na kwamba anataka kuweka njia upya. Sikumuuliza alidanganya kwa ajili ya nani."

Jana! Mimi jana nilikuwa nikitafuta kisawe cha neno kichochoro.

Kumbe ataweka njia nyingine Jumamosi asubuhi, na Mbegu wakifika, atavuka ubao jioni. Ungamo langu halikubadilisha chochote. Lilikuwa limechelewa kwa siku nzima. Nikapendekeza basi nisaidie usalama wa njia, angalau kwa upande wa seremala. Dada Filimbi alinyoosha mkono kupokea karatasi ya aliyefuata. Mtu aliyekuwa nyuma yangu akaniambia kwa adabu, baba, toka dirishani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekaa nyumbani asubuhi yote. Mama Chiriku aliondoka na chaki zote, na za shule pia. Nilipanga vitabu. Nikavipangua.

Walirudi adhuhuri. Nilijua kabla hawajafungua mlango, kwa sababu nilimsikia akiongea tangu kona ya mtaa. Mbegu wamefika! Wote, na viatu vyao. Yule mdogo ndiye aliyeliona duara wa kwanza, akaketi katikati yake akakataa kuondoka. Chiriku alimsimulia mama yake, ambaye alikuwepo. Kisha akanisimulia mimi, kwa ufupi zaidi.

Halafu akanieleza kuhusu ubao. Ni ubao mnene wa kawaida, unashikwa juu ya ardhi na watu wawili, kila mmoja upande wake, mtoto apite juu yake kutoka kwa wadogo kwenda kwa wakubwa. Wa kuushika huchaguliwa na mtoto mwenyewe. Alizungusha ncha ya skafu kidoleni.

"Nimemchagua Mama," alisema. "Na Mzee Mfamasia. Wewe utakaa mbele, Baba, ili uone vizuri."

Alilisema kwa upole. Alikuwa ameshalifikiria, akaliweka kwa namna isiyoniumiza, kama vile alivyopiga magoti kutazama mshale kwa kimo cha wengine. Nikamwambia ni uamuzi mzuri. Nikamwambia mbele ndipo panapofaa.

Niliona vizuri sana. Mfamasia aliushika ubao kwa mikono yote miwili, akakaza miguu. Hakunitazama hata mara moja. Hakusema neno la lebo wala la chupa. Chiriku alipita juu, mikono ameinyoosha, ulimi ameutoa kidogo kama anavyofanya akiandika. Ubao haukutikisika. Lazima nikiri kwamba aliushika vizuri. Nimetafuta kasoro na sikuipata.

Upande wa pili Miti walimpokea, akazama kati yao, nikabaki naona skafu tu. Mwezi ujao anakwenda kambini. Nilipiga makofi kuliko wengine wote, hadi aliyekaa nami akasogea.

Baadaye nilimwendea Mfamasia. Nilitaka kusema asante. Nilianza vizuri. Sijui ilikuwaje nikaishia kwenye dawa ya kikohozi.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya chakula nilitoka peke yangu kuipita njia yake mpya. Chaki bado ipo. Hakuna aliyeniona, au walioniona walinyamaza.

Nilifuata mshale kwa mshale, kama Mbegu. Ni njia nzuri. Inazunguka pale inapopaswa kuzunguka. Mbele ya nyumba ya mgonjwa inapita upande wa pili wa barabara, ili watoto wasipige kelele dirishani. Penye ngazi, kokoto zimewekwa pembeni wasije wakateleza. Kila mzunguko una mtu ndani yake ambaye Chiriku alimfikiria. Nimehariri kwa miaka mingi, na sikuwahi kujiuliza nani anaishi ndani ya maneno ninayokata.

Mshale mmoja, karibu na mwisho, umepinda kidogo. Niliutazama. Nikaondoka. Nikarudi nikautazama tena. Ukweli ni kwamba mtu yeyote mwenye macho angeona umepinda.

Nimerudi nyumbani nikiwa mtu mpya. Sasa naona wazi tatizo ni nini: wazazi. Wazazi hawawezi kujizuia. Jumamosi ijayo Chipukizi mwingine anaweka njia, na nani atamlinda dhidi yao? Dada Filimbi ana moyo mwema mno, kamati ni Mfamasia. Nimeandika tangazo litakalobandikwa mlangoni pa ukumbi kesho asubuhi, na nimelikata hadi likabaki hili:

Ninyi wazazi wa Mbegu na Chipukizi, mnaojidai mnawasaidia watoto wenu: Jumamosi kaeni majumbani mwenu. Msiende kwa kinyozi. Msiguse chaki. Msisogeze hata kokoto moja, hata ikiwa imekaa vibaya. Waacheni watoto waweke njia zao wenyewe. Mimi nitapita mapema, kabla ya Mbegu, kuhakikisha kwamba hakuna aliyetoka na kwamba kila mshale umenyooka.